Maziwa Yenye Njaa

Kidonda cha Sayi kilikuwa na miezi minne. Mwiba wa mgunga ulimchoma kisigino akiwa nyuma ya ndama, mama yake akautoa kwa sindano, tukapaka dawa, tukasahau. Kwa mtoto wa miaka sita, jeraha kama lile ni la wiki moja. Hili lilikataa. Kila asubuhi nilifungua kitambaa nikakuta nyama ileile mbichi, haina usaha, haina harufu, wala haioneshi nia yoyote ya kufunga.

Mimi ni daktari wa mifugo, miaka thelathini na moja kazini, na nina ulimi mkali. Watu wa Isangala watakuambia bila kuulizwa. Asubuhi ile ukali wangu wote ulimwangukia binti yangu Holo.

"Unamlisha nini huyu mtoto? Mwangalie nywele, zinabaki kwenye kitana. Mdomo umejaa magamba. Tumbo linaendesha kila siku."

"Namlisha maziwa, mama. Kwani kuna kingine?" Holo alikuwa akipanguza sufuria na hakuinua kichwa. "Unga wa msaada ni kibaba kwa wiki, unajua mwenyewe. Na hata mlenda nikimpikia anasema hauna ladha. Chumvi ya nyumba nzima inaishia kwenye sahani yake."

"Siyo mimi, bibi," Sayi akadakia. "Ni chumvi ya siku hizi, haikolei."

"Haya, mke mwenzangu," nikamtania. "Chumvi ndiyo yenye makosa."

Sayi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nywele, magamba, tumbo, ulimi usioonja na kidonda kisichofunga ni dalili za kitu kimoja, na kitu hicho nilikuwa nakijua. Ni upungufu wa zinki. Nilikuwa nimempa vidonge vya zinki wiki sita mfululizo, akimeza kila asubuhi na maziwa yake, na havikufanya kitu.

Na maziwa yetu hayakuwa na kasoro. Hilo ningeliapia. Kwa miaka tisa nilipima maziwa ya tangi la kijiji kila mwezi kwa mkono wangu. Unachovya karatasi ya kipimo, ikigeuka zambarau zinki ipo, ikibaki nyeupe haipo. Tangi halikuwahi kunipa nyeupe.

Siku hiyo nilikuwa nimefungua pakiti mpya ya vipimo, na mezani kulikuwa na kibuyu cha Sayi. Nikamimina tone, nijue tu kama karatasi ni nzima. Ikabaki nyeupe. Nikatoa nyingine, ikabaki nyeupe. Nikasaga kidonge kimoja cha zinki, nikakikoroga kwenye kikombe cha maziwa yale na kuchovya tena. Nyeupe. Nikasaga cha pili. Nikasaga cha tatu, na Holo akaacha sufuria akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, vinakwenda wapi?"

Vilikuwa vinaliwa mbele ya macho yangu.

*

Lazima niseme sasa nilichokitengeneza, maana nilikitengeneza mimi.

Mdudu wa kimeta haui kwa wingi wake tu. Akishaingia kwenye damu ya ng'ombe hutema kimeng'enya, protini yenye kazi moja: kukata protini nyingine. Ni mkasi. Unaingia ndani ya chembe za mwili zinazopigana na ugonjwa, unazikata nyuzi zinazopelekeana habari, na mwili unavamiwa bila kujua kuwa umevamiwa. Kwa mkasi huo punje moja ya zinki ndiyo msumari wa katikati. Ung'oe msumari, una vipande viwili vya bati.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, Kiangazi Kirefu kilipokwisha na mvua ya kwanza ikafukua udongo wa Isangala, kimeta alitoka ardhini. Mbuga nzima ni kaburi la mizoga, na mdudu yule hukaa udongoni miaka akisubiri. Chanjo za zamani hakuzijali tena. Ng'ombe walianguka kwa mamia, na watu wenye njaa wakala nyama yao. Mume wangu Malongo alikula ini. Alichukua siku mbili kufa. Mimi nilikuwa safarini, nafundisha watu wa wilaya nyingine wasile mizoga.

Basi nikatengeneza mlinzi. Ni protini inayoitoa zinki mdomoni mwa mkasi na kuishikilia isiachie. Tuliipandikiza kwa ng'ombe wakaizalisha wenyewe kwenye damu, na wakairithisha ndama wao. Niliifanya ngumu kwa makusudi, isiharibiwe na homa, na ndiyo maana kuichemsha hakusaidii. Tangu siku ile Isangala haikuzika mtu wa kimeta. Watu waliwapa mabinti zao jina langu, kuna akina Milembe kumi na saba hapa, na nilikubali kila mmoja kwa moyo mweupe.

Kosa langu lilikuwa tangi.

Isangala kila mtoto ana ng'ombe wake. Desturi ilizaliwa baada ya vifo vile. Ndama wa kwanza waliopona waligawiwa watoto, ili mtu mzima yeyote asije akashikwa na tamaa au njaa akawauza au akawachinja. Ng'ombe huyo ni wa mtoto kweli. Baba hawezi kumuuza, daktari hawezi kumdunga sindano, mpaka mtoto aulizwe mbele ya watu na aweke kiganja kwenye paji la ng'ombe. Maziwa yake yanakamuliwa kwenye kibuyu cha mtoto na kunywewa na mtoto. Hayaingii tangini, abadani. Tangi ni la wakubwa, na linajazwa na ng'ombe wazee.

Watoto hupewa ndama bora, yaani ndama wa mwisho kuzaliwa. Na kwa kila uzazi, sasa nilijua, mlinzi alikuwa akiongezeka. Mama alikuwa na kiasi, binti mara mbili, mjukuu mara nne. Mlinzi amejaa damuni, akafurika kwenye maziwa, na tumboni mwa mtoto ananyakua kila punje ya zinki anayoikuta.

Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kikao kilichopitisha desturi ile. Nilipiga makofi. Halafu kwa miaka tisa nikaenda kupima tangi, kwa kuwa kitabu kilisema pima tangi.

*

Nilimkuta Mzee Jidai zizini, anakamua. Jidai ni mkubwa wa zizi la Isangala na kaka wa marehemu mume wangu. Ana miaka sabini na nane, na haachii mtu chuchu ya ng'ombe wake.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "hizo hatua si za mtu mwenye habari njema."

Nikamweleza yote. Aliendelea kukamua mpaka nilipomaliza, ndipo akaweka ndoo pembeni.

"Watoto wangapi?"

"Wote wanaokunywa vibuyuni. Sitini na wawili. Sayi ndiye ameonesha mapema kwa sababu ng'ombe wake, Mabaka, ni wa kizazi cha mwisho. Wengine wanafuata. Nimepita nyumba tano asubuhi hii, kila nyumba kuna mtoto anayekohoa au mwenye kidonda."

"Wanywe maziwa ya tangi."

"Ng'ombe wazee wa tangi wamebaki kumi na mmoja na karibu wote wamekauka. Hayafiki robo ya watoto."

"Basi wape dawa."

"Maziwa yanaila dawa, Mzee Jidai. Na bila maziwa watakula nini? Udongo wenyewe umejaa magadi, mahindi hayaoti."

Ng'ombe aliyekuwa akimkamua akageuza kichwa kumtazama, naye akampapasa shingoni.

"Unaweza kumzima huyo mlinzi?"

"Sindano moja. Siku tatu ameisha mwilini, maziwa yanakuwa maziwa. Ila kumwasha tena hatukuwahi kujua."

"Na mvua ya kwanza?"

"Wiki tano zijazo."

"Nikuulize. Malongo alikula ini la ng'ombe gani?"

"Mzee Jidai, usijitese."

"Jibu."

"Wa kwako. Yule mwekundu."

"Nani alimchinja?"

"Wewe."

"Mimi. Niliona anatetemeka, nikasema, kabla hajafa mwenyewe tuokoe nyama. Nikamkatia mdogo wangu ini kwa sababu alilipenda." Akanyoosha mikono yake miwili, imelowa maziwa. "Kila mvua ya kwanza nazitazama hizi. Halafu namkumbuka mlinzi wako, nalala. Leo unaniambia tumwondoe?"

"Nakuambia kimeta anaweza kuja. Hili la watoto limeshakuja."

"Wangapi wataanguka?"

"Katika kila ng'ombe kumi, wawili. Pengine watatu."

"Na mtu mwenye njaa akikata kipande cha mzoga?"

"Usiku na mchana tutalinda. Tutachoma kila anayeanguka."

Alichukua ndoo yake. Alipoinama nilimwona amezeeka, na niliona haya, kama mtu aliyemvua mzee nguo.

"Sheria ya kiganja iko palepale," akasema. "Hakuna sindano bila mtoto kuulizwa. Na utaanza na wa kwako, Ng'wana Luhende," akaniita kwa jina la baba yangu. "Watu watatazama kwanza mjukuu wa daktari anafanya nini."

*

Jumamosi asubuhi watu walijaa zizini. Nilisimama kwenye jiwe la chumvi nikasema kosa langu, na sikulipunguza. Kuna mama mmoja alipiga yowe. Kuna baba aliyeniuliza kama nilikuwa nalewa miaka yote hiyo, na nilimjibu kwamba ningefurahi kuwa na kisingizio hicho. Hawakunipiga. Watu ambao binti zao wana jina lako hawajui wakufanyie nini.

Nilieleza sindano, nikaeleza mvua, nikataja wawili au watatu katika kumi. Wakubwa walisikia. Watoto walikuwa wametengwa upande wa pili na ng'ombe wao, ndivyo desturi inavyotaka, waulizwe mmoja mmoja bila kujazwa maneno.

Sayi alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja, mkono mmoja umeshika mkia wa Mabaka. Mabaka alikuwa jike mweupe mwenye madoa meusi, mpole kupita kiasi. Alikuwa na tabia ya kuulamba uso wa Sayi kila akikamuliwa, na Holo alikuwa akisema huyo ndiye anayemnawisha mtoto, yeye amestaafu.

Mzee Jidai akauliza kama inavyoulizwa. "Mwenye ng'ombe, daktari anataka kumdunga sindano ng'ombe wako. Unasemaje?"

Sayi hakumtazama Jidai. Alinitazama mimi.

"Ya nini, bibi?"

"Maziwa yake yana kitu kinachokuzuia kupona. Sindano itakitoa."

"Itamuuma?"

"Kidogo. Kama mwiba."

Akafikiri. Alikuwa amesimama kwa ncha ya kidole, kisigino hakigusi chini, na kitambaa nilichofunga alfajiri kilikuwa kimeshalowa.

"Akidungwa atakufa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Huenda. Nilikuwa nimelisema dakika kumi tu zilizopita mbele ya watu mia mbili na sikutetemeka. Lakini namjua mjukuu wangu. Ningesema huenda, angekumbatia shingo ya Mabaka na asingeachia hata kwa viboko, na nyuma yake watoto sitini na mmoja wangekumbatia za kwao. Holo alikuwa kwenye ua wa zizi, vidole mdomoni.

"Hatakufa," nikasema.

Sayi akaweka kiganja kwenye paji la ng'ombe wake.

Nilimdunga. Mzee Jidai alikuwa karibu vya kutosha kusikia, na aliangalia kwato. Mtoto wa pili hakuuliza swali, aliweka mkono kwa sababu Sayi ameweka. Wa tatu vilevile. Mpaka saa sita nilikuwa nimemaliza wote, na wazazi kadhaa walikuja kunishika mkono. Nilitamani wanitukane.

*

Mvua ilikuja kwa wiki yake. Ilinyesha siku mbili, mbuga ikatoa ile harufu ya udongo ambayo kila mtu mahali pengine huisifia. Isangala tuliivuta puani tukaenda kuhesabu ng'ombe.

Ng'ombe wa kwanza alianguka siku ya nne, wa pili na wa tatu siku ya tano. Mzee Jidai alikaa kwenye kila mzoga na fimbo yake, mvuani, mpaka kuni zifike. Kijana mmoja mwenye njaa alijaribu kukata paja, na mzee wa miaka sabini na nane alimchapa akamkimbiza hadi mtoni. Tulichoma bila kupasua. Hakuna mtu aliyekula.

Siku ya tisa Holo alikuja kuniita, na sura yake ikaniambia kabla ya mdomo. Mabaka alikuwa amelala ubavu karibu na mlango wa zizi. Damu nyeusi ilitoka puani na haikuganda, shingo haikukakamaa. Sayi hakuruhusiwa kusogea. Alikaa juu ya ua akiwa amevaa koti la mama yake, akatazama moto tangu ulipowashwa mpaka ulipobaki majivu, na hakutoa chozi wala hakuniuliza kitu.

Mchana Holo alipika mlenda na ugali mdogo wa siku ya msiba. Tulikula watatu. Sayi alimega tonge, akachovya, akatafuna, halafu akakunja uso.

"Mama, leo umezidisha chumvi."

Holo akaacha tonge hewani. Alikuwa ametia chumvi ileile ya miezi yote ile, mkono uliozoea. Akanitazama, midomo ikamcheza, akaanza kulia huku anacheka. Mimi nilikamata mguu wa mtoto palepale chini ya meza, nikafungua kitambaa. Kidonda kilikuwa na ukingo wa waridi, kimejikusanya, kimebaki ukubwa wa punje ya kunde. Nilisema alhamdulillahi, mimi ambaye kanisani nakwenda kwa kusukumwa.

Sayi aliuvuta mguu wake.

"Bibi. Ulisema hatakufa."

"Nilisema."

"Ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema sikujua. Kwa kweli nilifungua mdomo.

"Nilijua kuwa huenda," nikasema.

Alisogeza sahani yake mbele, polepole, mpaka ikafika upande wangu wa meza. Akateremka kwenye kigoda akatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alikuwa anatembea kwa miguu yote miwili.

*

Ng'ombe wa mtoto akifa kwa mkono wa mtu, mtu huyo humpa mtoto ndama wa kwake. Mimi nilikuwa na mmoja tu, jike wa wiki tatu, mwekundu, mtoto wa mmoja wa wale ng'ombe wazee kumi na mmoja. Nilimwongoza kwa kamba mchana kweupe, watu wanaona, mpaka mlangoni kwa Holo. Mfuko wa sindano ulikuwa begani. Hata huyu alizaliwa na mlinzi, na Sayi asingeweza kuja kunywa maziwa yake bila mlinzi kuzimwa.

Mzee Jidai alikuja na fimbo yake kuuliza swali. Sayi alikuwa amekaa kizingitini, nywele changa zimeanza kumjaa kichwani.

"Mwenye ng'ombe, daktari anataka kumdunga sindano ng'ombe wako. Unasemaje?"

Sayi akaficha mikono yote miwili nyuma.

"Aseme yeye kwanza."

"Nani?" Jidai akauliza.

"Bibi. Asimwambie mtu. Amwambie ndama."

"Nimwambie nini, Sayi?" Sikuthubutu kumwita mke mwenzangu.

"Unajua."

Nikaweka mfuko chini. Magoti yangu yalilia kama mlango mbovu nilipopiga moja, kisha la pili, kwenye matope mbele ya ndama wa wiki tatu. Nikalishika sikio lake. Lilikuwa na joto.

"Nitakudunga sindano," nikamwambia. "Itakuuma. Itakutoa ulinzi uliozaliwa nao, ili Sayi aweze kunywa maziwa yako. Mvua ikija unaweza ukafa. Huenda usife. Mimi sijui, na sina namna ya kujua."

Ndama akanilamba kidevu.

"Na Mabaka," Sayi akasema.

"Na Mabaka nilijua hivyo hivyo, na nikasema uongo. Na watoto sitini na mmoja waliweka mkono kwa uongo ule ule. Kesho nitapita nyumba zote niwaambie."

Mzee Jidai hakuuliza mara ya pili. Kisha mtoto akasimama, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaweka kiganja kwenye paji la ndama.

"Dunga," akasema. "Kesho nitakuja na wewe."